Ukumbi wa kanisa si soko la bima





Majuma matatu yaliyopita tulipokea ombi kutoka kwa baadhi ya waamini wa jumuiya yetu ya Kiswahili. Waliomba wakala mmoja wa bima ya afya, kijana wa kwetu na asemaye lugha yetu, apewe ukumbi wa kanisa baada ya Misa ya Dominika, ili azungumze na wazee waliotimiza miaka 65 na wale wanaojiandaa kustaafu. Ombi lilikuja na ahadi: kampuni yake ingegharimia chai na vitafunio, tena ingetoa mchango kwa ajili ya sikukuu ya msimamizi wa parokia. Tulikataa.

Tangu siku hiyo manung'uniko hayajakoma. Wapo wasemao kwamba Padre anamnyima kijana wetu riziki. Wapo wasemao kwamba Padre ashughulike na sakramenti, mambo ya bima awaachie wanaoyajua. Na wapo, tena wazee wenyewe, wanaouliza kwa upole: je, si bora kusikiliza jambo la bure kuliko kukaa gizani? Kwa hao wa mwisho hasa tunaandika tafakari ya juma hili. Tunaishi Massachusetts, na tusemapo "jimbo" katika tafakari hii tunamaanisha dola hii ya Massachusetts, si jimbo la Askofu. Sheria za bima hutofautiana kutoka jimbo hadi jimbo, na mengi tutakayoyasema yana ukweli hapa kwetu ambao huenda hayana kwa ndugu zako walioko Texas au Ohio.

Kilicho chako si sadaka

Tuanze na wazee wetu ni nani. Wengi wao, hapa Lowell na kule Worcester, wameitumikia nchi hii katika nyumba za kutunzia wazee. Wamewageuza wagonjwa vitandani, wamewaosha, wamewalisha kwa kijiko, wamewafumba macho walipokata roho watoto wao wakiwa mbali. Wamefanya zamu mbili mfululizo, wakalala saa nne, wakarudi kazini. Leo migongo yao imechoka na magoti yanauma, na zamu ya kutunzwa imewafikia wao.

Katika kila malipo waliyopokea, asilimia 1.45 ilikatwa kwa ajili ya Medicare, na mwajiri akaongeza kiasi kama hicho. Bima hii ya wazee ilitiwa saini na Rais Lyndon Johnson tarehe 30 Julai 1965, na tangu mwanzo ilijengwa juu ya jasho la wafanyakazi. Aliyefanya kazi na kulipa kodi kwa robo 40 za mwaka, yaani kama miaka kumi, yeye au mwenzi wake wa ndoa, hapati Sehemu A ya hospitali kwa hisani ya mtu. Ameilipia. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Chombo hiki kimeundwa kwa mikono ya akina mama na akina baba wa jumuiya hii, na asije mtu kuwauzia kama zawadi kile walichokwisha kukilipia.

Tunalisisitiza hilo kwa sababu kati yetu kuna aibu isiyo na maana. Mzee mmoja hutuambia kwamba hawezi kujaza fomu ya kuomba msaada wa serikali, maana hakuja Marekani kuombaomba. Mama mwingine husema kwamba Mungu aliyemfikisha hapa atamtunza. Tunaiheshimu imani hiyo, lakini tunamkumbusha Mtume Paulo. Alipofungwa kamba ili apigwe mijeledi, hakusema kwamba Mungu atatenda. Alimwuliza akida kama ni halali kumpiga Mrumi. Alipoona hatapata haki Yerusalemu, akakata rufaa kwa Kaisari. Hakuna aliyewahi kumwambia Paulo kwamba kudai haki yake ya uraia kulikuwa upungufu wa imani. Baba Mtakatifu Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, aliitaja huduma ya tiba, pamoja na usalama wa mtu katika ugonjwa na uzee, miongoni mwa haki za binadamu. Haki haiombwi kwa kupiga magoti. Hudaiwa kwa adabu, kwa kalamu na kwa fomu iliyojazwa vizuri.

Neno "bure"

Sasa tuje kwa wakala na neno lake tamu. Bima anayoiuza huitwa Medicare Advantage. Ni mpango wa kampuni binafsi inayolipwa na serikali ili imhudumie mzee badala ya Medicare ya asili. Matangazo yake husema: ada ya mwezi ni sifuri, meno yamo, miwani imo, pengine na kadi ya kununulia chakula. Nani asiyevutiwa?

Hebu tupige hesabu, kama yule mjenzi wa mnara katika Injili ya Luka. Kwanza, sifuri hiyo si sifuri. Anayejiunga na mpango huo huendelea kudaiwa ada ya Sehemu B ya Medicare, ambayo kwa mwaka 2026 ni dola 202.90 kila mwezi, na kwa wengi hukatwa moja kwa moja kwenye pensheni ya Social Security. Pili, mpango wa namna hiyo humfunga mzee katika orodha ya madaktari na hospitali za kampuni, na orodha hiyo hubadilika. Tatu, kila huduma ina mchango wake: daktari bingwa, picha ya kipimo, siku za kulazwa. Kwa mwaka 2026 sheria inaruhusu michango hiyo kufika hadi dola 9,250 kwa huduma za ndani ya orodha. Mzee mwenye afya hatayaona hayo. Atayaona mwaka atakapougua, na bima hukatwa kwa ajili ya mwaka huo.

Nne, na hili ndilo zito kuliko yote, kuna kibali cha awali. Daktari akisema mgonjwa anahitaji kipimo au siku zaidi za mazoezi ya viungo baada ya kiharusi, kampuni ndiyo huamua kama italipa. Mwaka 2022 ofisi ya mkaguzi mkuu wa Wizara ya Afya ya Marekani ilichunguza maombi yaliyokataliwa na kampuni hizo, ikakuta kwamba asilimia 13 yalitimiza masharti ya Medicare. Maana yake, mgonjwa angekuwa katika Medicare ya asili, huduma hiyo ingelipiwa.

Hatusemi kwamba Medicare Advantage ni dhambi. Tuwe wakweli: Medicare ya asili peke yake ina mapengo makubwa. Kwa huduma nyingi za Sehemu B, ukishalipa kiasi cha kuanzia, asilimia 20 ya gharama hubaki kwako, na haina ukomo. Meno, miwani na vifaa vya kusikia kwa kawaida haimo. Mzee mwenye pato la kati, mwenye madaktari wote katika orodha ya kampuni, aliyesoma masharti na kuyaelewa, anaweza kuchagua mpango huo kwa dhamiri safi. Tunachokataa ni mzee kuchagua baada ya kusikia sehemu moja tu ya habari, akiwa na kikombe cha chai mkononi kilicholipiwa na muuzaji.

Jambo ambalo wakala halipwi kulisema

Sehemu nyingine ya habari ndiyo hii, na tunawaomba muisome polepole, muwasomee na wazazi wenu.

Serikali ya Massachusetts, kwa kupitia MassHealth, inao mpango uitwao Medicare Savings Program. Mpango huo humlipia mzee mwenye pato dogo ile ada ya Sehemu B. Kwa ada ya mwaka 2026 hiyo ni zaidi ya dola 2,400 kwa mwaka zinazobaki mfukoni mwake. Katika majimbo mengi ya Marekani viwango vya kuingia ni vya chini sana. Hapa kwetu jimbo limevipandisha hadi asilimia 225 ya kiwango cha umaskini, yaani kwa mtu anayeishi peke yake, pato linalozidi kidogo dola 2,900 kwa mwezi. Kwa wanandoa kiwango ni cha juu zaidi. Tena tangu tarehe 1 Machi 2024 Massachusetts haiulizi tena una akiba kiasi gani benki. Huangaliwa pato tu.

Ambaye pato lake halizidi asilimia 190 ya kiwango hicho, kama dola 2,500 hivi kwa mwezi kwa mtu mmoja, hupata zaidi. Hulipiwa pia kiasi cha kuanzia na ile asilimia 20 iliyobaki, na sheria ya nchi inamkataza daktari wa Medicare kumdai fedha hizo. Yeyote aliyeingia katika mpango huu hupewa pia, bila kuomba upya, msaada wa kushusha bei ya dawa za Sehemu D. Na aliyechelewa kujiandikisha Sehemu B huondolewa adhabu.

Mnaona, wapendwa? Mama aliyefanya kazi miaka ishirini katika nyumba ya wazee na sasa anaishi kwa pensheni ya dola 1,600, akijaza fomu hiyo, anaweza kubaki na Medicare ya asili, akamwona karibu kila daktari apokeaye Medicare, bila orodha ya kampuni, na asidaiwe karibu chochote. Hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na neno "bure". Nayo haina wakala, kwa kuwa haimlipi mtu kamisheni.

Wengi huogopa kwamba serikali itachukua nyumba yao wakifa. Hofu hiyo ina msingi kwa baadhi ya huduma za MassHealth, hasa gharama za kukaa katika nyumba ya wazee. Lakini kwa malipo ya Medicare Savings Program, sheria ya nchi imeondoa madai hayo tangu tarehe 1 Januari 2010. Nyumba ya urithi haiguswi kwa sababu ya mpango huu. Tunawaomba waliosambaza hofu hiyo katika vikundi vya simu wasambaze na ukweli huu kwa bidii ile ile.

Na kwa wenye pato kubwa kuliko viwango hivyo, wako wanaotaka bima ya nyongeza ya kuziba mapengo ya Medicare ya asili, ile iitwayo Medigap. Ada yake si ndogo. Hapa napo jimbo letu lina neema isiyo ya kawaida. Katika sehemu kubwa ya Marekani, miezi sita ya kwanza ikishapita, kampuni inaweza kukukataa kwa sababu una kisukari au moyo umeshoto nguvu zake. Massachusetts ni mojawapo ya majimbo manne tu, pamoja na Maine, Connecticut na New York, ambako mwenye miaka 65 na zaidi hapewi kisogo hivyo. Kila mwaka, mwezi Februari na Machi, kampuni hupaswa kufungua mlango bila kuuliza ugonjwa, wala hazipandishi ada kwa sababu ya umri. Kwa hiyo aliyejiunga na mpango usiomfaa asikate tamaa. Na aliye na dada huko Texas asifuate ushauri wa dada yake bila kuuliza kwanza, maana sheria ya huko siyo ya huku.

"Lakini ni kijana wetu"

Hoja nzito kuliko zote tuliyoisikia ni hii: huyu ni mtoto wetu, anajua Kiswahili, wazee watamwelewa, na wale washauri wa serikali hawajui lugha yetu. Hatuidharau hoja hiyo. Lugha ni mlango wa moyo. Lakini ndiyo sababu tunaogopa. Mgeni akija kuuza, mzee hukaa macho. Mtoto wa kwetu akija, akamwita Mama na Babu, akasalimia kwa heshima, mzee hutia sahihi bila kusoma. Kuaminiana kwetu ndiyo mali ya thamani kuliko zote tulizo nazo ugenini, na ndiyo bidhaa ambayo kampuni imemtuma kijana huyo kuja kuichukua.

Wakala hulipwa kwa kila mtu anayemwandikisha. Kwa mwaka 2025 ukomo wa malipo hayo, kwa mtu mpya katika Medicare Advantage, ulikuwa dola 626 katika majimbo mengi, likiwamo letu, na nusu ya hizo kila mwaka mtu huyo anapobaki. Kwa ukumbi wenye wazee arobaini, kila mmoja afanye hesabu yake. Hatumtuhumu kijana huyo kwa hila. Mfanyakazi anastahili ujira wake. Tunasema tu kwamba mtu anayelipwa ukichagua A, wala halipwi kitu ukichagua B, hawezi kuwa mshauri wako juu ya A na B, hata akiwa mtoto wa tumbo lako.

Serikali yenyewe inalijua hilo, ndiyo maana imeweka mipaka. Wakala wa mipango hii haruhusiwi kubisha hodi nyumbani kwako bila kualikwa. Haruhusiwi kukupa mlo katika mkutano wa kuuza. Zawadi yake haitakiwi kuzidi thamani ya dola 15. Sasa tujiulize: kama sheria ya nchi haitaki wazee wanunuliwe kwa sahani ya chakula, je, Kanisa liwauze kwa mchango wa sikukuu ya msimamizi wake? Bwana wetu alipozipindua meza hekaluni, wale wabadili fedha hawakuwa wezi wa usiku. Walikuwa watoa huduma, tena wa kwao, wenye lugha yao. Kosa lao lilikuwa kuifanya imani ya maskini kuwa mtaji.

Kuhusu lugha, iko dawa. Katika jimbo letu kuna huduma iitwayo SHINE, yenye washauri waliofundishwa, wengi wao wa kujitolea, wasiouza kitu na wasiotoza kitu. Hupatikana kwa kupitia ofisi za wazee za miji yetu, au kwa simu 1-800-243-4636. Ukipiga, taja kwa Kiingereza neno moja tu, "Swahili", na uombe mkalimani. Hospitali, MassHealth na mashirika yapokeayo fedha za serikali kuu kwa ajili ya afya yanapaswa kutoa mkalimani bila malipo. Usimtumie mjukuu wa miaka kumi kutafsiri maradhi ya bibi yake. Ni aibu kwa bibi na mzigo kwa mtoto.

Mjane asiyechoka

Turudi kwa wale ambao tayari wako katika mipango hii na wamepokea barua ya kukataliwa huduma. Wengi huikunja barua hiyo wakaiweka ndani ya Biblia. Tunasema: itoeni. Mwaka 2023 kampuni za Medicare Advantage zilikataa, kwa ukamilifu au kwa sehemu, maombi ya kibali yapatayo milioni 3.2. Waliokata rufaa hawakufika wanane wa kumi, wala watano: walikuwa kama asilimia 12 tu. Na katika hao waliokata rufaa, zaidi ya asilimia 80 walishinda, uamuzi ukabatilishwa.

Ni mara chache hesabu za serikali huhubiri Injili kwa uwazi namna hiyo. Bwana alisimulia juu ya mjane aliyemwendea kadhi dhalimu kila siku, mpaka kadhi akampa haki yake ili apumzike. Sisi huusoma mfano huo tukadhani unahusu rozari peke yake. Unahusu rozari, ndiyo, na unahusu pia barua ya rufaa kabla tarehe yake haijapita. Asiyeweza kuandika aje ofisini. Kijana wa chuo kikuu aliyekipaimara hapa atamwandikia, na asipofanya hivyo kwa hiari tutamkumbusha ahadi zake.

Walio mlangoni

Hatuwezi kufunga bila kuwataja ndugu zetu waliokuja kama wakimbizi, hasa kutoka Kongo. Sheria ya bajeti iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imewafungia mlango wa Medicare wakimbizi na waliopewa hifadhi, ikiwa bado hawajapata hati ya ukaaji wa kudumu, hata kama wamefanya kazi na kulipa kodi. Waliokuwa tayari wakiipokea bila hati hiyo walipewa miezi 18, hadi tarehe 4 Januari 2027. Askofu Mkuu Timothy Broglio, aliyekuwa Rais wa Baraza la Maaskofu wa Marekani wakati huo, aliilaumu hadharani sheria hiyo kwa jinsi inavyopunguza huduma za afya za maskini. Nasi tunasema wazi: kumkata mtu fedha kwa ajili ya bima, kisha kumwambia bima si yake, ni kuuzuia ujira wa kibarua. Mtume Yakobo aliandika juu ya ujira wa namna hiyo, kwamba kilio chake hufika masikioni mwa Mungu.

Lakini kulia hakutoshi. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba hati ya ukaaji wa kudumu, ile kadi ya kijani, baada ya mwaka mmoja hapa. Mwenye mzazi aliyetimiza mwaka huo naye hajaomba, asingoje. Na yeyote ambaye hati zake bado zina utata aonane kwanza na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kutia sahihi fomu yoyote ya msaada wa serikali. Hapo pia msimsikilize wakala wa bima, wala Padre.

Pia wapo wanaosema: "Mimi nitarudi nyumbani, nitazeekea Nyeri, au Moshi, au Bukavu." Ni ndoto njema. Ila Medicare, kwa kawaida, hailipi hospitali nje ya Marekani. Ukiacha Sehemu B ili usikatwe ada, kisha baada ya miaka mitatu maradhi yakurudishe kwa watoto wako Lowell, utaongezewa asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili uliyokosa. Kwa ada ya 2026 hiyo ni kama dola 61 zaidi kila mwezi, na kwa kawaida nyongeza hiyo hudumu maisha yote. Aliye katika Medicare Advantage akikaa nje ya eneo la mpango zaidi ya miezi sita mfululizo, anaweza kuondolewa. Atakaye kurudi na arudi kwa amani, lakini kwanza apige hesabu.

Tutakalofanya

Basi uamuzi wetu unabaki palepale, na tunauandika ili usipotoshwe. Ukumbi wa kanisa hautatolewa kwa yeyote auzaye bima, awe mgeni au wa kwetu, mwezi wowote, kwa mchango wowote. Sikukuu ya msimamizi wetu tutaisherehekea kwa chai tutakayochanga wenyewe, hata ikiwa ya rangi.

Ukumbi huo huo utafunguliwa Jumamosi mbili kabla ya tarehe 15 Oktoba, siku ambayo dirisha la kila mwaka la kubadili mipango hufunguliwa hadi tarehe 7 Desemba. Tumeomba mshauri wa SHINE, na tutakuwa na wakalimani wetu. Kila jumuiya ndogo ndogo ilete wazee wake, pamoja na kadi ya Medicare, orodha ya dawa na barua ya Social Security inayoonyesha pato. Atakayefikisha miaka 65 kabla ya hapo asingoje: dirisha lake ni miezi saba, mitatu kabla ya mwezi wa kuzaliwa, mwezi wenyewe, na mitatu baada yake. Anayestaafu kazi yenye bima akiwa amepita umri huo ana miezi minane ya kujiandikisha Sehemu B, na ile bima ya kujilipia iitwayo COBRA haimwongezei siku hata moja.

Na kijana wetu wakala? Tumemwalika naye. Aje Jumamosi hizo bila kadi zake za biashara, aketi karibu na mama mmoja, amsaidie kujaza fomu ya Medicare Savings Program, kazi ambayo haitamlipa senti. Akija, tutafurahi kumwita mtoto wa jumuiya hii mbele ya wote.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Aliye na barua asiyoielewa, aje nayo Dominika hii. Msiikunje tena ndani ya Biblia.

Wenu katika Kristo na Mama Maria,
Paroko